Wageni wa Asubuhi Katika Msikiti Mkuu wa Muscat

Kwenye lango la Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, jijini Muscat, kitu cha kwanza kukaguliwa ni nguo. Mwanamke awe amefunika nywele, na vazi lake lifike kwenye vifundo vya mikono na vya miguu, lisibane wala lisionyeshe ndani. Mwanamume avae suruali ndefu. Kaptura haipiti, hata kama jua la Oman limeshaanza kuchoma. Asiyetimiza masharti hurudishwa kwa upole, na abaya za kukodi hazipatikani mbali. Ndiyo maana asubuhi za msimu wa utalii, meli kubwa zinapokuwa zimetia nanga bandarini Mutrah, huonekana makundi ya wanawake wa Kizungu na wa Kichina wakifungana mitandio kando ya mabasi. Aliyekwisha kujua anamwekea mwenzake pini, anamgeuza, anamtazama tena, ndipo wanaingia.

Kwa kawaida wasio Waislamu hukaribishwa kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, kila siku isipokuwa Ijumaa. Muda huo haukupangwa ovyo. Sala ya Alfajiri imekwisha pita na Adhuhuri bado haijaingia, kwa hiyo ndilo pengo refu kuliko yote kati ya sala za mchana. Wageni wamepewa nafasi ambayo ibada yenyewe imeiacha wazi. Mtalii akilielewa hilo tangu mlangoni, mengi ya ndani yatamfungukia bila kuhitaji maelezo marefu.

Msikiti uko Bausher, kando ya barabara kuu inayotoka uwanja wa ndege kuelekea mjini. Umejengwa juu ya jukwaa lililoinuka, kama ilivyo desturi ya misikiti ya Oman, na minara yake mitano huonekana mapema sana kwa anayekuja na gari. Mrefu zaidi una urefu wa takriban mita 90. Minne ya pembeni ina nusu ya hapo. Waongozaji hupenda kusema kwamba mitano hiyo ni nguzo tano za Uislamu. Kati ya lango na jengo kuna bustani, maji na viwanja vipana vya mawe yaliyosuguliwa, na mgeni hutembea dakika kadhaa kabla ya kufika kwenye kivuli. Mwendo huo una faida yake. Anayefika kwenye matao ya kwanza huwa ameshapunguza sauti bila kuambiwa.

Sultan Qaboos bin Said aliagiza msikiti huu ujengwe mwaka 1992, zaidi ya miaka 20 tangu ashike madaraka. Mwaka uliofuata yakafanyika mashindano ya michoro, na walioshinda ni Mohammed Makiya na kampuni ya Quad Design ya London. Makiya alikuwa mtu wa Baghdad, aliyezaliwa 1914 na kufariki dunia 2015 baada ya kuishi zaidi ya karne moja. Kazi yake maarufu ya mwanzo ilikuwa Msikiti wa Khulafa wa Baghdad, ambako alijenga jengo jipya ubavuni mwa mnara wa kale uliosalia peke yake, bila kuufunika wala kuudhalilisha. Baadaye akasanifu Msikiti Mkuu wa Kuwait. Kwa hiyo mtu aliyepewa kazi ya Muscat alikuwa ameshatumia maisha yake kujiuliza swali moja: msikiti mpya wa saruji na umeme utawezaje kuwa na nasaba na ya zamani?

Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 1990 na ukachukua zaidi ya miaka sita. Tani 300,000 za mawe ya mchanga zililetwa kutoka India. Tarehe 4 Mei 2001 Sultan mwenyewe akaufungua. Ukijumlisha ukumbi mkuu unaochukua watu zaidi ya 6,500, ukumbi wa wanawake wa watu 750, viwanja vya nje na baraza za matao, wanaoweza kusali kwa pamoja wanafikia 20,000.

Viatu huachwa kwenye rafu nje ya ukumbi mkuu. Hapo pana sharti jingine linalowashangaza wazazi: watoto walio chini ya miaka 10 hawaingii ndani wakati wa ziara. Baba hubaki nje na mtoto, mama akaingia, kisha wakabadilishana.

Ukishavuka mlango wa mbao uliochongwa, jicho halijui pa kuanzia. Ukumbi ni mraba kamili, mita 74.4 kwa mita 74.4, na kuba la katikati limepanda mita 50 kutoka sakafuni. Kuta ni za marumaru nyeupe na ya kijivu, dari imepambwa mbao kwa mtindo wa dari za ngome na nyumba kubwa za Oman, na mihrabu imezungukwa na vigae vyenye nakshi za dhahabu na buluu za asili ya Iran. Karibu kila mgeni hufanya jambo lile lile: anapiga hatua tatu au nne, anasimama, anainua shingo kuangalia juu, kisha anainua simu.

Kilicho juu ni thurea. Ina urefu wa mita 14 na upana wa mita 8, uzito wake ni tani 8.5, ina taa 1,122 na vipande takriban 600,000 vya kristali za Swarovski. Ilitengenezwa Ujerumani na kampuni ya Faustig. Nyingine zaidi ya 30, ndogo lakini za umbo lile lile, zimetundikwa sehemu mbalimbali za jengo. Takwimu hizi zinasomwa kwa kila kundi linaloingia, na haziwezi kumchosha mtu anayezisikia kwa mara ya kwanza. Ila kuna jambo moja linalofaa kutazamwa kwa makini zaidi: ndani ya thurea hiyo mna ngazi na majukwaa, kwa ajili ya mafundi wanaopanda kubadilisha taa na kufuta vumbi. Mtu mzima anaingia ndani ya taa. Ukijua hivyo, ukubwa wake unaacha kuwa namba.

Lakini aliyeshughulika na juu tu amekosa kazi kubwa zaidi, nayo iko chini ya nyayo zake, au tuseme pembeni ya nyayo zake, maana harusiwi kuikanyaga.

Zulia la ukumbi mkuu ni kipande kimoja cha mita za mraba 4,343. Lilifumwa kwa mikono katika mkoa wa Khorasan, kaskazini mashariki mwa Iran, na wanawake wapatao 600. Kazi yote, tangu kuchora hadi kulitandika, ilichukua miaka minne. Lina mafundo bilioni 1.7, uzito wa tani 21, na rangi 28 ambazo nyingi zilitolewa kwenye mimea kwa njia za jadi. Hakuna kitanda cha mfumi wala mlango wa karakana ungeweza kumudu kitu cha namna hiyo, kwa hiyo lilifumwa vipande 58, vikasafirishwa hadi Muscat, na wafumaji wakaja kuviunganisha humo humo ukumbini, fundo kwa fundo, mpaka mshono usionekane. Kwa miaka kadhaa lilikuwa zulia kubwa kuliko yote duniani lililofumwa kwa mkono. Mwaka 2007 Msikiti wa Sheikh Zayed wa Abu Dhabi ulitandika lake la mita za mraba 5,627, nalo pia limetoka Iran.

Kuna njia iliyotandikwa busati la buluu, na mgeni hupita hapo peke yake. Pande zote mbili zulia linabaki wazi kwa wenye kusujudu. Mtu akichuchumaa ukingoni mwa njia hiyo, hata kwa dakika moja, huanza kuona mambo ambayo picha za angani hazionyeshi. Jani lililoonekana kuwa la kijani ni la kijani cha aina nne. Mstari mwembamba uliozunguka ua umefumwa kwa uzi wa rangi ya mchanga, kisha ukazungukwa tena na mwingine uliokolea kidogo tu. Kila badiliko la rangi ni mkono wa mtu ulioacha uzi mmoja na kuchukua mwingine, kwenye fundo dogo kuliko punje ya mchele. Majina ya wanawake hao 600 hayajaandikwa popote ukutani. Ni vema mgeni awafikirie kabla hajasimama kwenda kutafuta pembe nzuri ya kupiga picha.

Na picha zinapigwa kweli kweli. Uongozi wa msikiti haujazikataza, na ni uamuzi wa busara. Kumkataza mtu kukumbuka alichokiona ni kazi bure. Tatizo ni wale wanaokuja kwa ajili ya picha tu, wanaolala juu ya marumaru ya uwanjani nguo zikiwa zimetandazwa, wanaokusanya ushungi ukae nusu ya kichwa ili nywele zionekane vizuri, wanaomwomba mzee anayesoma Kurani pembeni asogee. Wahudumu huwafuata na kuwaambia taratibu. Mahali pa ibada pana haki ya kudai heshima yake, na anayeona karaha kufunika kichwa kwa saa moja angeweza kubaki hotelini na hakuna ambaye angemlaumu.

Ukitoka ukumbi mkuu, usikimbilie basi. Kaskazini na kusini mwa jengo zimenyooka baraza mbili ndefu za matao, na humo ndimo Makiya na wenzake walimowaachia wageni somo ambalo wengi hulipita mbio. Ukutani kuna zidaka zilizopangwa kwa mfuatano, na kila kidaka kimepambwa kwa vigae vya mtindo wa nchi au zama fulani za Uislamu: Hijazi, Maghribi, Misri ya Wamamluki, Waturuki wa Uthmaniya, Iran, India ya Wamughali, na Oman yenyewe. Anayetembea kutoka mwanzo hadi mwisho anavuka karne na bahari kwa mwendo wa dakika kumi. Hapo pia pana kivuli na upepo, na mara nyingi hapana msongamano, kwa kuwa makundi yote yako chini ya thurea.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakapofika kwenye baraza hizo ana jambo la ziada la kulipima. Fahari yote hii ni ngeni hata kwa Oman. Waomani wengi ni wa madhehebu ya Kiibadhi, na misikiti yao ya zamani ilisifika kwa kutokuwa na makuu: vyumba vya udongo au mawe, kuta zisizo na mapambo, paa bapa. Mingi haikuwa na mnara kabisa. Mwadhini alipanda juu ya paa akaadhini. Pambo, kama lilikuwepo, liliwekwa kwenye mihrabu peke yake.

Hiyo ni sura anayoifahamu vizuri mtu wa Unguja, Lamu au Kilwa. Misikiti mingi ya kale ya Waswahili haina mnara. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza kujengwa katika karne ya 11 na kupanuliwa mno katika karne ya 14 kwa nguzo na makuba ya mawe ya matumbawe, ulikuwa miongoni mwa majengo makubwa ya ibada kusini mwa jangwa la Sahara, na minara haukuwa nayo. Ndiyo sababu mnara wa Msikiti wa Malindi, pale Mji Mkongwe wa Zanzibar, hutajwa hadi leo kuwa kitu cha nadra. Mfanano huo haushangazi: Waomani na Waswahili waliendeana kwa pepo za kaskazi na kusi kwa karne nyingi kabla Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, hajahamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19.

Kwa hiyo Msikiti Mkuu wa Muscat ni tamko la nchi iliyobadilika. Oman aliyoirithi Qaboos mwaka 1970 ilikuwa na kilomita chache tu za lami. Mafuta yakaleta barabara, shule na hospitali, na Sultan akawaita nyumbani Waomani waliokuwa ng'ambo. Maelfu walirudi kutoka Zanzibar na bara la Afrika Mashariki, wengi wao waliotawanyika baada ya mapinduzi ya 1964, na waliosoma wakashika nafasi katika ofisi za serikali, shule na sekta ya mafuta. Walirudi na Kiswahili chao. Mpaka leo kinasikika Muscat katika maduka, kwenye maharusi na kwenye kumbi za kusubiri za hospitali, na Mswahili anayezungumza na mwenziwe katika viwanja vya msikiti asishangae mtu wa makamo aliyevaa kanzu na kofia ya darizi akigeuka na kumjibu kwa Kiunguja safi: "Mumetoka wapi nyinyi? Karibuni."

Kuna kituo cha maelezo ya Uislamu ndani ya eneo la msikiti, ambako wageni huketishwa na kukirimiwa kahawa na tende bila malipo. Wanaowapokea ni watu wa kujitolea. Kahawa ni ile nyepesi yenye iliki, inayomiminwa kwenye vikombe visivyo na mkono, na anayetosheka hutikisa kikombe kidogo kabla ya kukirudisha, asipotikisa ataongezwa. Maswali yoyote yanaruhusiwa. Mtalii anauliza kwa nini wanawake wanasali mbali na wanaume, mwingine anauliza kuhusu hijabu, mwingine anauliza tofauti ya Ibadhi na Sunni. Wenyeji wanajibu bila hamaki, na asiyekubaliana na jibu anaongezewa tende vile vile. Kati ya yote yaliyomo katika msikiti huu, pengine ukarimu wa chumba hicho ndio uliogharimu fedha kidogo kuliko vingine, nao ndio ambao misikiti mingine ingeweza kuuiga kesho asubuhi.

Maana kila msikiti mkuu umetafuta njia yake ya kuishi na watalii. Nchini Morocco, ambako misikiti mingi haiwapokei wasio Waislamu, Msikiti wa Hassan II wa Casablanca, uliofunguliwa 1993, hupokea makundi yanayolipa na kuongozwa kwa saa maalumu. Kampala, juu ya kilima cha Old Kampala, Msikiti wa Kitaifa wa Uganda ulianzishwa enzi za Idi Amin katika miaka ya 1970, ukakwama, kisha ukakamilishwa mwaka 2006 kwa fedha za Libya ya Muammar Gaddafi. Wageni hulipa kiingilio, wanawake hupewa nguo za kujifunika, na mwongozaji huwapandisha mnarani kwa ngazi zaidi ya 300. Kule juu, barabara za jiji zinaonekana zikiteremka kutoka kila kilima, na mwongozaji anaanza kuvitaja kimoja kimoja: Namirembe na kanisa lake la Kianglikana, Rubaga na la Kikatoliki, Kibuli na msikiti wake. Msikiti umegeuka mahali pa kuusomea mji mzima, na vijana wa Kampala wenyewe hupanda kwa wingi.

Na pwani yetu? Kilwa wageni wanaingia, lakini wanaingia katika magofu yaliyo chini ya hifadhi ya UNESCO tangu 1981. Gedi, karibu na Malindi ya Kenya, nako wanaingia katika magofu. Misikiti iliyo hai ya Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa kwa sehemu kubwa hutazamwa na wageni kutoka barabarani. Wenye misikiti wana sababu zao, na nyingi ni za haki: majengo ni madogo, watu wanasali, na utalii wa nusu uchi unaopita vichochoroni haujawapa moyo wa kufungua milango. Ila Kizimkazi, kusini mwa Unguja, panaonyesha kwamba kuifungua kunawezekana. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na ingawa jengo lenyewe lilijengwa upya kwa kiasi kikubwa katika karne ya 18, bado watu wanasali humo. Mgeni humtafuta mwenye ufunguo, hujisitiri, huvua viatu, huonyeshwa mihrabu ya matumbawe yaliyochongwa, na huacha sadaka ya msikiti. Hakuna thurea wala zulia la tani 21. Lakini yule aliyetoka Muscat na kuona zidaka za baraza za Makiya atasimama mbele ya mihrabu ile ya Kizimkazi na kutambua kwamba anatazama kitu kilichotangulia kwa karibu miaka 900, kilichochongwa na mafundi waliokuwa na patasi, jiwe la baharini na subira.

Kwa anayepanga safari ya Oman, miezi ya Novemba hadi Machi ndiyo yenye hali ya hewa nzuri. Kuanzia Mei joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara na marumaru za nje huwaka. Wakati wa Ramadhani na sikukuu saa za ziara zinaweza kubadilika, kwa hiyo ni vizuri kuuliza siku moja kabla. Afike mapema, saa 2 kamili, kabla mabasi ya meli hayajashusha watu, aanze na baraza za kusini wakati jua bado liko chini, ndipo aingie ukumbini. Mwislamu anaweza kubaki. Wenzake wa asubuhi watakapokuwa wanatafuta viatu vyao, yeye akatawadhe, arudi Adhuhuri, akanyage zulia lile lile alilolizunguka, na asimame safu moja na makarani wa wizara, madereva, na mafundi wa Kibangladeshi waliotoka kazini na vumbi la saruji bado limo kwenye mikunjo ya nguo.